Barabara ya Shangazi

Wiki iliyopita nilipita Kona ya Musa asubuhi, maduka mengi yakiwa bado yamefungwa, nikamkuta mwanamke anaosha kioo cha duka la simu kwa gazeti na siki. Harufu ile ya siki ilinisimamisha pale pale katikati ya njia. Mwenye bodaboda mmoja akanipigia honi, kisha akapunguza mwendo ili anitukane kwa starehe. "Dada," akaniuliza, "barabara umeinunua?"

Nilicheka peke yangu mpaka yule mwanamke wa siki akageuka kunitazama. Bodaboda wa watu hakujua amemuuliza nani. Mimi nilipokuwa na miaka tisa niliamini kwa moyo mmoja kwamba ukoo wetu una barabara. Wala si hizi za kifusi zinazokatika mvua ikinyesha. Ilikuwa Paris, ikiitwa Shanzelize, na mwenyewe alikuwa Shangazi Mejumaa.

Shangazi ni dada yake baba, kitinda mimba wa Bibi. Alikuwa akilea watoto wa familia moja ya Kifaransa iliyokuwa na nyumba ya mapumziko kule Galu. Siku moja alimwambia Bibi anakwenda Kombani kununua vitambaa, akachukua kikapu, akatoka. Siku ya tatu simu ya baba ikalia, Shangazi akiwa Paris na familia ile, analia. Nimesimuliwa mara nyingi kwamba Bibi alichukua simu, akasikiliza kilio chote mpaka kikaisha, kisha akasema, "Kombani kumekuwa mbali siku hizi," akamrudishia baba simu yake.

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu Mwabungo kusema uongo kukawa ndiko kwenda Kombani. Nikisema nimemaliza kazi ya shule na daftari halijafunguliwa, Bibi husema, "Huyu naye keshafika Kombani." Watu wa Kombani watuwie radhi, wao hawakufanya kosa lolote.

Bibi hakumlaani. Kwao, mzazi anayelaani ovyo hujilaani mwenyewe. Alichofanya ni kuizuia radhi yake, na hilo kwa mtu aliyelelewa pwani ni zito kuliko laana, kwa sababu laana husikika ikapita, na radhi iliyozuiwa hukaa kimya inakungoja. Shangazi alipopata mchumba huko huko, Mngazija mmoja mpole aitwaye Saidi, baba alisimama kama walii kwa njia ya simu, maana babu alikwisha kufariki. Bibi alipewa habari baadaye. "Nikaha imeswihi," akasema. "Radhi yangu ni jambo jingine."

Ndipo picha zilipoanza kuja kwenye simu ya baba, mbili tatu kwa mwaka. Zote zilikuwa za mahali pamoja. Barabara pana ajabu, miti imepangwa mistari pande zote mbili, njia ya waendao kwa miguu yenye upana wa kupita lori, maduka ya vioo kutoka chini hadi juu, na kule mwisho kabisa lango moja kubwa la mawe. Mbele ya vioo hivyo amesimama Shangazi na koti refu na mtandio, anatabasamu. Na hakuna mtu mwingine. Si nyuma yake, si ng'ambo, si mbali kule kwenye lango. Barabara nzima, yeye tu. Nani aliyekuwa akimpiga picha hatukuwahi kujiuliza.

Sasa mnielewe nilivyofikiri, maana sikuwa mjinga. Nilikuwa na ushahidi. Nilikulia mahali ambapo hata njia ya kisimani haikosi mtu. Mahali pasipokuwa na watu nilipajua mahali pamoja tu, napo ni ufuo wa mbele ya mahoteli ya Diani. Pale hapana watu kwa sababu pana mwenyewe, na ukijisahau ukakanyaga, askari hukutoa mbio. Basi barabara isiyo na watu ina mwenyewe, na mtu pekee anayeonekana juu yake, anatabasamu, hana hofu ya askari, huyo ndiye mwenyewe. Nilipeleka habari hiyo chuoni, tulikokuwa tukisoma Kurani, siku iliyofuata. Rafiki yangu Riziki akauliza kama labda Shangazi amepanga tu, kwa mwezi. Nilimwambia barabara haipangwi. Nikamruhusu aje kuitembelea nitakapohamia huko, lakini yeye tu, si kaka yake, aliyekuwa na tabia ya kutema mate ovyo.

Bibi alikuwa akiletewa picha kila zilipofika. Alisogeza simu karibu na macho, akaitazama kwa muda mrefu kuliko sisi sote, kisha akasema, "Mh." Basi. Mimi "mh" hiyo niliitafsiri kuwa ni fahari.

Halafu Shangazi akashika mimba, na Saidi akapiga simu mwenyewe. Nilikuwepo. Alizungumza kwa adabu sana, kwa Kiswahili chenye mawimbi ya Kingazija. "Shikamoo, mama. Mkeo mwana huku hana mtu," alisema, akimaanisha binti yako. "Nitamhudumia, lakini mimi ni mwanamume. Sijui kukanda." Siku ya tatu Bibi akaanza kutafuta mafuta ya nazi ya kukamuliwa nyumbani, pilipili manga na udi. Baba alipouliza, akajibu, "Nakwenda kumkanda mzazi. Kukanda si radhi." Na kwa kuwa Bibi hakujua kusoma, na shule zilikuwa karibu kufunga, akachagua wa kumsomea vibao njiani. Alinichagua mimi. Riziki hakusema nami kwa wiki nzima.

Ya safari nayaacha. Nitasema tu kwamba Bibi aliswali ndani ya ndege akiwa amekaa, akamsalimu rubani, na mafuta yake ya nazi yalifika salama.

Nilitarajia kushuka Shanzelize. Badala yake Saidi alitupandisha treni iliyokwenda na kwenda, majumba yakawa marefu na ya kijivu, mpaka tukafika mwisho wa reli. Nyumba yao ilikuwa ghorofa ya saba na lifti ilikuwa imekufa. Bibi alipanda akipumzika kila ghorofa, ameshika kiuno. Kwenye ya tano akamuuliza mkwewe, "Baba, tunapanda Kwale?" Saidi hakujua kwamba Kwale kwetu ni mlimani, akajibu kwa heshima kuwa tumekaribia.

Shangazi alitufungulia akiwa na tumbo limefika hapa. Alimwinamia Bibi akambusu mkono, Bibi akauacha mkono ubusiwe, akamwitikia shikamoo yake kwa "marahaba" kamili, akamuuliza kama amekula. Nyumba ilikuwa chumba kimoja cha kulala, sebule na jiko ambamo watu wawili hawapishani. Nilizunguka mara mbili kutafuta sehemu iliyobaki.

"Barabara iko wapi, Shangazi?"

"Iko mbali kidogo," akasema. "Tutakwenda." Na sauti yake ilibadilika, lakini mtoto husikia maneno, sauti huisikia akikua.

Nyuma ya mlango lilikuwa limetundikwa lile koti refu la kwenye picha. Nililinusa, kama ninavyonusa kila kitu mpaka leo. Lilinuka siki, tena siki iliyoingia ndani ya uzi. Nikajua mara moja Shangazi ana biashara ya achari. Jioni hiyo tukiwa mezani nikamuuliza, "Shangazi, achari yako unaitengeneza ya maembe au ya ndimu?" Saidi akapaliwa na maji. Shangazi akatazama sahani. Bibi ndiye aliyejibu, na alinijibu mimi: "Kula."

Mtoto alizaliwa baada ya siku tisa, mwanamume, wakamwita Hamadi. Kazi ya Bibi ikaanza. Asubuhi na jioni aliyachemsha maji, akamkanda Shangazi mgongo, nyonga na miguu, akamfunga tumbo kwa leso, akampikia uji wa pilipili manga. Sijapata kuona mikono iliyompenda mtu kama ile. Na kila jioni, uso umelala kwenye mto, Shangazi alisema, "Mama, niwie radhi." Kila jioni Bibi alijibu jambo lile lile.

"Geuka nikukande upande wa pili."

Mimi nililala sebuleni, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Shangazi akimwambia mumewe, "Mama ni mtu mzima. Arobaini ikiisha atarudi, na mimi sijui kama nitamwona tena. Akirudi na radhi yangu, Saidi, atazikwa nayo." Maneno hayo yalinitisha. Nikafikiri radhi ni kitu fulani ndani ya begi la Bibi, na kesho yake nililipekua begi zima bila kukiona. Lakini nilielewa lililokuwa mbele yetu vizuri kuliko walivyodhani. Bibi alikuwa na kitu ambacho Shangazi asingeweza kuishi bila yake, na siku zilikuwa zinahesabika. Nilikuwa nikimpenda Shangazi kwa barabara yake. Katika nyumba ile ndogo nilianza kumpenda kwa ajili yake mwenyewe, kwa namna alivyonisuka nywele huku ananyonyesha, na nikawa kila jioni naomba chini ya blanketi kwamba Bibi aseme neno jingine lolote, lisiwe geuka.

Sasa niwaambie desturi yetu, maana wenzangu wengi waliokulia mijini hawaijui. Kwa upande wa Bibi, mtoto akitimiza siku arobaini hutolewa nje na kuonyeshwa dunia yake. Mamake humpakata na kumpitisha: hili ni jiko letu, huu mlango wetu, hiki kisima, hii njia ya msikitini. Bibi wa mtoto hufuata nyuma, na kila neno hulifunga kwa kusema, "Umesikia, mjukuu wangu." Na sharti ni moja, mama asiseme lisilokuwa kweli. Atakaloambiwa mtoto siku ile ndilo atakalokua nalo. Pale Mwabungo palikuwa na bwana mmoja, ana ndevu na wake wawili, bado anaparamia minazi ya watu usiku na mchana. Wazee walisema si kosa lake. Siku ya arobaini yake mamake, kwa tamaa tu, alimwonyesha minazi ya jirani akamwambia, "Hii ni yetu." Mambo ya namna hiyo sisi hatukuyafanyia mzaha.

Siku ilipofika Saidi alikuwa kazini. Bibi alimwosha mama na mtoto, akafukiza udi mpaka kengele ya moshi ikalia na jirani akabisha hodi. Kisha wakaanza. Shangazi alibeba mtoto, Bibi nyuma yake, mimi nyuma ya Bibi.

"Hili ni jiko letu, mwanangu."

"Umesikia, mjukuu wangu."

"Hiki ni kitanda chetu."

Kimya. Shangazi akageuka. Bibi alikuwa anamtazama tu.

"Kitanda hiki tulipewa na jirani alipohama," Shangazi akasema polepole.

"Umesikia, mjukuu wangu."

Nyumba ndogo huisha upesi. Walipofika mlangoni Shangazi akashusha pumzi, akataka kukaa. Bibi akasema, "Bado barabara."

"Barabara ipi, mama?"

"Ile yako. Miaka mitano naletewa picha zake. Mjukuu wangu aone jiko, asione barabara?"

"Nje kuna baridi, mama."

"Mfunge."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuvaa viatu. Nilirukaruka mpaka mtu wa ghorofa ya sita akagonga dari yake. Ajabu ya mtoto ni hiyo: watu wawili mbele yangu walikuwa wanakwenda kuamuliwa maisha yao, na mimi nilikuwa na furaha ya Idi.

Tulipanda treni, tukatembea chini ya ardhi, tukapanda ngazi, na tulipotokeza juu ilikuwa alasiri na mbele yetu ndiyo hiyo Shanzelize. Upana ulikuwa ule ule. Lango la mawe lilikuwa pale pale. Lakini watu! Watu walikuwa wamejaa njia zote mbili kama mchele kwenye ungo, wamevaa vizuri, wanatembea taratibu bila kubeba mzigo wala kuwahi popote. Na miti yote ilikuwa imepambwa taa, kila tawi, kwenda na kwenda mpaka macho yanachoka. Mahali ninakotoka mimi, ukiona taa mtini na watu waliovaa wanatembea hawana haraka, jambo ni moja tu. Nikajua Shangazi ametufanyia harusi. Au kama si harusi, basi ni karamu ya arobaini ya Hamadi, kawaalika watu na akatuficha ili tushangae. Nilianza kutafuta sufuria za biriani kwa pua. Sikupata harufu yoyote isipokuwa ya manukato.

Bibi alitazama lile lango kwa muda. "Zuri," akasema. "Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Hakuna nyumba, mama. Ni lango tu."

"Pesa ziliwaishia. Hata kwetu malango ya namna hiyo yamejaa."

Mimi nikamvuta Shangazi koti. "Shangazi, wote hawa umewaalika wewe?"

"Hapana, Mwanasiti. Sikumwalika mtu."

"Basi wamefuata nini? Waambie watoke! Si barabara yako?"

Sitasahau uso aliogeuza kunitazama. Leo ningeweza kuueleza, kwani na mimi nimekwisha kuwa mtu mzima na nimekwisha kushikwa na uongo wangu mwenyewe mbele ya mtoto wa watu. Siku ile niliona tu kwamba ameumia, na kwamba mimi ndiye niliyemuumiza, na sikujua kwa nini. Niseme na hili nilimalize: niliporudi Mwabungo nilikwenda Kombani kwa wiki mbili nzima mbele ya Riziki kuhusu barabara ile, kabla sijamwambia ukweli. Alicheka, kisha akaniuliza kama taa zilikuwa za kweli. Nikamwambia taa zilikuwa za kweli.

"Haya," Bibi akasema. "Mwonyeshe mtoto. Anza."

Shangazi akaanza kutembea, Hamadi kifuani, sisi nyuma. Tulipita duka la kwanza, la pili, la tano. Midomo yake ilifunguka na kufungika. Watu walitupita kulia na kushoto, wengine wakimtazama Bibi na leso zake mbili alizozivalia juu ya koti la Saidi. Bibi alitembea kama aliyeko uwanjani kwake. Hakumhimiza Shangazi. Mimi ndiye niliyeshindwa kuvumilia. Niliona Shangazi kasahau maneno, na arobaini ya mtoto itaharibika bure, basi nikakimbia mbele, nikamwinamia Hamadi nikaanza kumsaidia: "Hamadi, hii ni barabara ya ma…"

Kiganja cha Bibi kilinifunika mdomo kabla sijamaliza. Kilikuwa na nguvu na kilinukia mafuta ya nazi. "Wewe si mamake," akasema, na hakukiondoa.

Hapo Shangazi akasimama. Tulikuwa mbele ya duka moja la mikoba, kioo chake kirefu kuliko nyumba yetu ya Mwabungo, na nilikitambua. Ndicho kilichokuwa nyuma yake katika picha. Akamgeuza mtoto kukielekea.

"Mwanangu," akasema, "kioo hiki si chetu. Mimi nakiosha. Nakuja saa kumi na moja alfajiri, watu hawajafika, naosha vioo hivi na hivi na vile vya pale, na saa mbili naondoka kwa mlango wa nyuma."

"Umesikia, mjukuu wangu."

"Barabara hii ni ya watu wote. Sisi hatuna hata jiwe lake moja. Mchana kama huu sijapata kusimama hapa. Leo ni mara yangu ya kwanza, na wewe."

"Umesikia, mjukuu wangu."

Alikuwa analia sasa, bila sauti, na hakuyafuta machozi kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa imemshika mtoto. Nilidhani amemaliza. Bibi hakuondoka. Alingoja. Shangazi akavuta pumzi.

"Na siku niliyokuja huku, mamangu nilimwambia nakwenda Kombani. Sikumuaga. Nilijua nikimuaga atanikataza, na akinikataza nitabaki. Nilitaka kuja. Nikachagua kumdanganya."

Magari yalipita. Kiganja cha Bibi kilikuwa bado mdomoni mwangu.

"Umesikia," Bibi akasema. "Umesikia, mjukuu wangu."

Kisha akaniachia, akakiendea kile kioo. Alikisogelea, akakikagua kutoka chini kwenda juu kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Kwenye kona akaona alama ya vidole. Akakunja ncha ya leso, akaipulizia pumzi, akaifuta, akarudi nyuma hatua moja kutazama.

"Siku hizi uko arobaini, nani anakuoshea?"

"Kuna mwanamke mwingine, mama, ndiye aliyekuwa akinipiga picha."

"Hajui kazi."

Shangazi akacheka na kulia kwa wakati mmoja. Halafu akamtazama Bibi vizuri, kama aliyekumbuka kitu. "Mama, ulikuwa unajua?"

"Mimi nafagia uwanja alfajiri tangu hujazaliwa," Bibi akasema. "Leo nisiijue alfajiri nikiiona kwenye picha? Kila picha jua halijatoka. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, mwanangu anaamka mapema, ana kazi. Na mwenye barabara angelala."

"Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mikono yako haikunikosea kitu. Ulimi wako ndio ulionikosea, na ulimi wako ndio niliopanda ndege kuja kuusikiliza. Siku arobaini nakukanda, kila jioni unaniomba radhi, hujaniambia radhi ya nini."

Nilisimama katikati yao. Barabara yetu ilikuwa imekwisha kuondoka, nimeiona ikienda, na wala sikuililia. Nilikuwa natazama mdomo wa Bibi.

Shangazi akanipa mtoto. Nilimpokea kwa mikono miwili, mzito na wa moto. Kisha pale pale, kwenye mawe yale mapana, mbele ya duka lile, akapiga magoti akaishika miguu ya mamake na uso wake akauficha ndani ya leso. "Mama," akasema, "nilikudanganya. Niwie radhi."

Bibi akainama. Haikuwa rahisi, kiuno kilikuwa chamuuma tangu ngazi. Akaweka mkono wake kichwani pa Shangazi, juu ya mtandio, akaukandamiza kama anavyokandamiza unga.

"Nimekuwia radhi," akasema kwa sauti, ili na mtoto asikie. "Nimekuwia radhi duniani, na nimekuwia radhi akhera. Mungu akuwekee mwanao kama alivyoniwekea wewe."

Wakakaa hivyo, wameinama wote wawili, na watu wakawa wanagawanyika kuwapisha. Bwana mmoja wa Kizungu, mzee, na kofia nzuri na fimbo, akasimama. Aliwatazama wanawake wale wawili chini, akaona machozi, akadhani wamepoteza kitu cha thamani. Akaegemeza fimbo yake kwenye kioo, akainama kwa shida na yeye, akaanza kupapasa mawe ya njia ile kutusaidia kutafuta.

Bibi akamgusa bega. "Tumeshakipata, baba," akamwambia. "Ahsante."